Yokohama ilikuwa kijiji tu cha wavuvi

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini hapa Dar, mwaka wa 11 huu. Kila siku nashika BL, ile hati ya mzigo inayotoka kwa wenye meli, na pale kwenye kisanduku cha bandari ya kupakilia nakutana na jina lilelile, Yokohama, siku nyingine Nagoya au Kobe ila Yokohama ndo kila siku. Nimeliandika hilo jina kwenye mafomu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina la kijiji nilichozaliwa, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja ni mahali pa namna gani.

Sasa mwaka jana akaja mzee mmoja mstaafu, kaagiza IST kwa pesa ya kiinua mgongo, mzee anasoma kila karatasi unayompa, mstari kwa mstari, kidole kinafuata maneno. Akafika kwenye BL akasimama. Akaniuliza, "Mwanangu, hii Yokohama ni mji gani?" Nikamwambia ni bandari mzee wangu, bandari kubwa Japani. Akasema, "Bandari nimeiona imeandikwa. Nakuuliza mji." Nikakosa la kumjibu, na kukosa jibu kwenye kitu ninachokiandika kila siku kulinikaa kooni. Usiku nikashika simu nikaanza kusoma nikidhani ni mambo ya dakika 10, na mpaka leo sijamaliza.

Maana nilichokikuta ni kwamba Yokohama mwaka 1853 ilikuwa kijiji, nyumba mia hivi za wavuvi na wakulima pembeni ya bahari, na kilichoigeuza ni karatasi. Karatasi mbili kwa kweli, moja ya 1854 na nyingine ya 1858, ila watu wengi wanazichanganya wanasema tu "ule mkataba uliofungua Japani kwa biashara" kama vile ulikuwa mmoja. Mi ni mtu wa karatasi, nakula kwa karatasi, kwa hiyo nikaenda kuvisoma vifungu vyenyewe, na humo nikaona mambo ambayo zile stori fupi fupi za mtandaoni zinayaruka.

Kwanza hii habari ya Japani "kujifungia". Watawala walikuwa ukoo wa Tokugawa, kiongozi wao anaitwa shoguni, makao yake Edo ambayo ndo Tokyo ya leo, na mfalme mwenyewe yuko Kyoto anaheshimiwa sana ila hatawali. Miaka ya 1630 wakatoa amri moja baada ya nyingine: Mjapani haruhusiwi kwenda nje, aliyeko nje akirudi anauawa, Ukristo marufuku, na 1639 Wareno wakafukuzwa moja kwa moja. Mwaka uliofuata Wareno wa Macau wakatuma ujumbe kuomba wasamehewe warudi kufanya biashara, watu 61 wakakatwa vichwa, 13 wakaachwa hai ili wapeleke habari kwao. Habari zikafika.

Lakini hawakuziba kila tundu. Waholanzi waliruhusiwa kubaki Nagasaki kwenye kakisiwa ka kujengwa kanaitwa Dejima, kana umbo la pepeo lililokunjuliwa, urefu kama mita 120 na upana kama 75, na kuna yadi za magari hapa Dar ambazo ni kubwa kuliko hapo. Wachina nao walileta mali Nagasaki, Wakorea walipitia Tsushima, watu wa Ryukyu walipitia jimbo la Satsuma. Kwa hiyo biashara ilikuwepo, zaidi ya miaka 200 ilikuwepo, tofauti ni kwamba wao ndo walioshika funguo. Wao wanaamua nani aje, meli ngapi, anashuka wapi, anauza nini. Kwa mtu wa forodha hiyo ndo hoja yote, siyo kama mlango uko wazi au umefungwa, hoja ni nani anaukaba.

Wamarekani walikuwa wanataka nini huko mbali kote? Nyangumi. Miaka hiyo taa za Marekani zilikuwa zinawaka kwa mafuta ya nyangumi na meli zao za uvuvi zilijaa Pasifiki, zikivunjika karibu na Japani mabaharia wanakamatwa wanafungwa kama wahalifu. Halafu California ikawa yao 1848, wakaanza kuwaza njia ya moja kwa moja kwenda China kwa meli za moshi, na meli ya moshi inakula makaa ya mawe haishibi, lazima iwe na mahali pa kuongeza njiani. Ukiangalia ramani Japani imekaa palepale katikati ya njia.

Na hapa ndo nilikuta kitu kilichonifanya niweke simu chini kidogo. Mtu wa kwanza kutumwa na serikali ya Marekani kutafuta mikataba ya biashara huku mashariki alikuwa mfanyabiashara wa New Hampshire anaitwa Edmund Roberts, akapanda manowari Peacock 1832. Machi 1833 akasaini na Siam, ndo Thailand ya leo, na tarehe 21 Septemba 1833 akasaini Muscat na Seyyid Said. Ndio, Seyyid Said huyuhuyu wetu wa Unguja na mikarafuu. Mkataba ule ndo ulioleta konsuli wa Marekani Unguja 1837, bwana Richard Waters kutoka Salem, na ndo uliotia nguvu biashara ya ile pamba nzito ambayo bibi zetu mpaka leo wanaiita merikani. Kifungu cha ushuru kilisema Mmarekani atalipa asilimia 5 ya mzigo anaoushusha. Ishike hiyo 5, nitairudia.

Japani nayo ilikuwa kwenye orodha ya Roberts. Safari ya pili alipokuja kukabidhiana na Seyyid Said nakala zilizoidhinishwa, mpango ulikuwa aendelee mpaka huko, lakini akaugua akafia Macau Juni 1836 bila kufika. Yaani Unguja na Japani zilikuwa kwenye begi la mtu mmoja.

Bado kuna lingine. Desemba 1851 meli ya moshi ya kivita ya Marekani, Susquehanna, ilitia nanga Unguja chini ya kamanda John Aulick, kumaliza mgogoro kati ya konsuli wao na serikali ya Seyyid Said kuhusu heshima ya bendera. Ikamaliza shughuli zake ikaendelea zake mashariki. Miezi 19 baadaye meli hiyohiyo ndo ilikuwa mbele kabisa kwenye msafara ulioingia ghuba ya Edo. Watu wa Forodhani waliuona ule moshi kabla ya watu wa Edo. Sijui kwa nini shuleni hakuna aliyetuambia hili.

Aulick alivuliwa madaraka njiani na nafasi yake ikachukuliwa na Matthew Perry, mzee wa jeshi la maji, mtu wa kupenda sherehe na kupenda kuogopwa. Tarehe 8 Julai 1853 akatokea Uraga, mdomoni mwa ghuba, na meli nne: Susquehanna na Mississippi za moshi, Plymouth na Saratoga za tanga zikiwa zinavutwa kwa kamba. Wavuvi waliokuwa baharini siku ile waliona kitu ambacho hakijawahi kuwepo kwenye maisha yao, chombo kikubwa kinakwenda kinyume na upepo bila tanga, moshi unatoka, mizinga imepangwa ubavuni. Wakaziita kurofune, meli nyeusi, na mpaka leo Mjapani ukimtajia meli nyeusi anajua unaongelea nini.

Maofisa wa Uraga wakaenda kumwambia sheria inasema aende Nagasaki. Perry akakataa, tena akakataa hata kuonana nao, akajifungia kwenye chumba chake akisema ataongea na mtu wa cheo cha juu tu. Siku sita baadaye, tarehe 14 Julai, wakamkubalia ashuke ufukweni Kurihama akabidhi barua ya rais Millard Fillmore, akaikabidhi, akasema atarudi mwaka ujao na meli nyingi zaidi kuchukua jibu. Akaondoka.

Watu wanasema Japani iliogopa mizinga, ni kweli, lakini mi kama mtu wa bandari niliona kingine. Edo ilikuwa na watu kama milioni moja na mchele wao ulikuja kwa mashua kutoka Osaka na kwingineko, na mashua zote zinapita mlango wa Uraga. Perry alikaa palepale! Hakuwa na haja ya kupiga hata risasi, ukikaa na manowari nne kwenye koo la chakula cha watu milioni unakuwa umeshaongea. Kila aliyewahi kuona meli zinapanga foleni nje ya bandari wiki mbili tatu, na bei ya kitu mtaani inavyoanza kupanda, ananielewa.

Aliyebeba mzigo upande wa Japani alikuwa mkuu wa baraza la shoguni, Abe Masahiro, kijana wa miaka 33. Na shoguni mwenyewe, Ieyoshi, akafariki mwezi huohuo, siku chache baada ya meli kuondoka. Abe akafanya jambo ambalo utawala wao haukuwahi kulifanya, akaitafsiri ile barua akawasambazia mabwana wote wa majimbo akiwauliza tufanye nini. Majibu yakaja kila rangi, wengine tupigane, wengine tukubali kidogo tununue muda, wengine hawana jibu. Alitafuta umoja akapata kelele, na baya zaidi ni kwamba kuanzia siku ile kila mtu akajua kuwa serikali ya Edo haina uhakika. Mi bado namheshimu. Alikuwa amebanwa kila upande na akachagua kuuliza, sio kujifanya anajua.

Perry akarudi Februari 1854, mapema kuliko walivyotegemea, maana alisikia Warusi nao wanazunguka Nagasaki. Ukazuka ubishi wa mahali pa kukutania, Wajapani hawataki asogee Edo, yeye hataki kukaa mbali, wakaishia katikati, kwenye kijiji cha Yokohama karibu na mji wa Kanagawa. Pakajengwa nyumba ya mapokezi ufukweni. Na hicho ndo kisa cha jina, mkataba unaitwa wa Kanagawa lakini ulisainiwa Yokohama.

Zile wiki za Machi zina picha ambazo hazitoki kichwani. Wamarekani walileta zawadi, mojawapo ni garimoshi dogo, robo ya ukubwa wa kweli, na reli yake ya mduara, wakaliwasha pale ufukweni. Halikuwa na nafasi ya mtu mzima kukaa ndani, basi maofisa wa Kijapani, watu wa heshima zao na panga kiunoni, wakapanda juu ya paa wakazungushwa nguo zinapepea. Wakaleta na simu ya waya ya kutuma ujumbe. Wajapani nao wakaleta wapiganaji wa sumo, majitu makubwa, wakabeba magunia ya mchele mawili mawili kama hakuna kitu. Kila upande unamwonyesha mwenzake nguvu yake, huku mazungumzo yanaendelea ndani.

Na ndani kulikuwa na mtu mmoja naomba tumtaje kwa heshima yake, Hayashi Akira, mwanazuoni, kiongozi wa wajumbe wa Japani. Perry alipolileta suala la biashara Hayashi akamjibu hivi, kwa maneno yangu mimi: wewe umesema umekuja kwa ajili ya roho za watu, mabaharia wenu wanaovunjikiwa meli, na hilo tumelikubali, sasa biashara ni habari ya faida, haihusiani na roho ya mtu, kwa nini unalazimisha? Perry akawaza, akaliondoa. Kwenye chumba ambacho nje kuna manowari zimejipanga mtu anashinda hoja kwa mdomo peke yake, mi niliposoma hapo nilisimama.

Kwa hiyo tarehe 31 Machi 1854 waliposaini, vifungu 12, karatasi ile haikufungua biashara kwa maana tunayoielewa. Ilifungua bandari mbili, Shimoda mara moja na Hakodate baada ya mwaka. Mabaharia waliovunjikiwa watasaidiwa na kurudishwa. Meli zitapata maji, kuni, chakula na makaa, lakini kwa kupitia maofisa wa Kijapani tu. Kifungu cha 7 kinaruhusu meli zinazoingia kubadilishana vitu kwa taratibu zitakazowekwa na Japani. Hakuna mfanyabiashara kuja kukaa, hakuna ghala, hakuna viwango vya ushuru. Hayashi na wenzake walirudi Edo wakijua wametoa kidogo sana na kwa hesabu ya siku ile walikuwa sahihi.

Shida ilikuwa kwenye vifungu viwili vidogo.

Cha 11 kinahusu konsuli. Hapa lazima ujue waliongeaje: Wamarekani hawajui Kijapani, Wajapani wachache sana wanajua Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza kinaenda Kiholanzi, Kiholanzi kinaenda Kijapani, pembeni kuna nakala ya Kichina ya kulinganishia. Nakala ya Kiingereza inasema baada ya miezi 18 Marekani inaweza kuweka konsuli Shimoda ikiwa serikali mojawapo kati ya hizi mbili itaona inafaa. Nakala ya Kijapani inasemaje? Ikiwa serikali zote mbili zitaona inafaa. Soma tena. Mojawapo, na zote mbili.

Mi hili lilinigusa pabaya maana nimeliona likimliza mtu. Miaka ya nyuma kulikuwa na dada mmoja, mama wa watoto wawili, alinunua gari huko nje kwa kuongea na muuzaji kwa meseji, yeye akaelewa bei aliyopewa ni CIF, yaani mpaka gari inafika Dar, nauli na bima humohumo. Karatasi aliyosaini imeandika FOB, yaani bei inaishia gari likiwa kwenye meli kulekule. Herufi tatu. Alikuja kwangu gari limeshafika, hana pesa ya nauli, gari likakaa bandarini gharama za kukaa zinapanda kila siku, na muuzaji anamjibu kwa upole kabisa dada soma ulichosaini. Hakuna aliyemdanganya kwenye karatasi. Alilipa lakini alikopa, na lile deni nalijua lilimsumbua muda gani.

Basi Agosti 1856 huyo hapo kashuka Shimoda, Townsend Harris, mfanyabiashara wa New York, na mkalimani wake Mholanzi Henry Heusken, anasema mimi ndo konsuli. Wajapani wanashangaa, sisi hatujakubaliana, rudi kwenu. Yeye anaonyesha Kiingereza chake: mojawapo. Akapewa hekalu la Gyokusenji kijijini pale, akapandisha bendera, akakaa. Na alikaa kweli, miezi mingi bila meli hata moja ya kwao kumtembelea, mgonjwa, mpweke, anangoja. Hakuwa na manowari. Alikuwa na kifungu. Desemba 1857 akapokelewa na shoguni Iesada mwenyewe ndani ya ngome ya Edo, na hoja yake kubwa ilikuwa moja, kwamba Waingereza na Wafaransa wanaipiga China sasa hivi, wakimaliza watakuja huku, afadhali msaini na mimi kwa amani kabla hamjasaini na wao kwa mizinga.

Tarehe 29 Julai 1858, juu ya meli Powhatan, wakasaini. Huu ndo mkataba wa biashara wenyewe. Mfalme Komei alikuwa amekataa kuubariki, mkuu wa serikali Ii Naosuke akaupitisha hivyohivyo. Kanagawa na Nagasaki zifunguliwe Julai 1859, kisha Niigata, kisha Hyogo ambayo ndo Kobe. Wageni wakae, wanunue, wauze, bila ofisa kuingilia kati. Mgeni akifanya kosa anashtakiwa mbele ya konsuli wake kwa sheria za kwao. Na viwango vya ushuru vimeandikwa ndani ya mkataba, Japani haiwezi kuvigusa peke yake.

Hapo sasa kinakuja kile kifungu kingine cha 1854, cha 9: chochote Japani itakachompa mtu mwingine, Marekani nayo inapata papo hapo bila kuomba. Kila taifa lililofuata lilidai kifungu cha aina hiyo. Uholanzi, Urusi, Uingereza, Ufaransa, wote walisaini mwaka huohuo 1858, na kuanzia hapo ukimlegezea mmoja umewalegezea wote, ila ukitaka kumkazia mmoja lazima wote wakubali. Ni kamba inayokaza upande mmoja tu.

Wajapani hawakukaa kimya. Mkataba ulisema Kanagawa, ambayo iko kwenye barabara kuu ya kwenda Edo, wao wakakimbia wakajenga gati, ghala na ofisi za forodha ng'ambo kidogo, kwenye kile kijiji cha Yokohama, wakawaambia wafanyabiashara karibuni huku. Harris na wenzake wakalalamika, wafanyabiashara hawakujali, kina cha maji kilikuwa kizuri na nyumba zipo. Ndo Yokohama ikazaliwa. Hapo mzee wangu nimekujibu mji gani, ila sijamaliza.

Maana mwaka wa kwanza tu ikaja balaa la dhahabu. Japani gramu moja ya dhahabu ilibadilishwa kwa gramu 5 hivi za fedha, dunia nyingine ilikuwa kama 15. Mkataba ulisema sarafu za kigeni zibadilishwe na za Kijapani kwa uzito, fedha kwa fedha. Sasa fuata hesabu: unashuka na dola 4 za fedha za Mexico, unapewa sarafu 12 za fedha zinazoitwa ichibu, ichibu 4 zinanunua koban moja ya dhahabu, kwa hiyo unapata koban 3, unazipeleka Shanghai unarudi na dola kama 12. Kazi ya wiki chache, mabaharia, makarani, hata maofisa wa kibalozi wakaacha kazi zao kukimbizana na koban. Serikali 1860 ikabidi ipunguze dhahabu kwenye sarafu yake kwa nguvu ili kuziba tundu, na bei za vitu zikaruka. Mchele ukapanda, hariri ikapanda kwa sababu wageni wanaigombania, wafumaji wa Kyoto wakakosa uzi. Samurai, yaani askari wa mabwana, wa ngazi ya chini anayelipwa kiwango kilekile kila mwaka akajikuta hawezi kulisha nyumba.

Hasira ikatoka kwa damu. Ii Naosuke aliuawa Machi 1860 kwenye lango la ngome ya Edo, theluji inaanguka. Heusken, yule mkalimani, akauawa Januari 1861. Wageni wakajibu kwa kupiga mizinga Kagoshima 1863 na Shimonoseki 1864. Na baada ya manowari kwenda kujipanga Hyogo mwishoni mwa 1865 likapatikana walilolitaka: 1866 ushuru wa Japani, ambao Harris mwenyewe aliuandika kuwa asilimia 20 kwa vitu vingi na 35 kwa vileo, ukateremshwa kuwa asilimia 5.

Tano. Ileile ya Muscat 1833.

Hapa kwetu kila Juni bajeti inasomwa, sisi wa forodha tunakaa na redio na simu kusikia nini kimepanda nini kimeshuka. Gari leo ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na mengine juu yake, wateja wananung'unika mbele yangu kila siku na wana haki ya kunung'unika. Lakini zinaamuliwa humuhumu ndani, na serikali za Afrika Mashariki zikikaa zinaweza kubadilisha. Serikali mpya ya Japani ya 1868, ya mfalme Meiji, haikuwa na uwezo huo. Ilitaka shule, jeshi, reli, viwanda, na mlango wa forodha umefungwa kwenye 5. Ikaenda wapi? Kwa mkulima. 1873 wakaweka kodi ya ardhi asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe kwa pesa taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima wakaasi mpaka 1877 ikashushwa kuwa 2.5. Kwa hiyo nikisoma watu wanasifu jinsi Japani ilivyojijenga haraka, na kweli ilijijenga, kile kiwanda cha hariri cha Tomioka cha 1872 ni kitu cha kujivunia, huwa namkumbuka yule mkulima aliyelipia ushuru ambao meli haikulipa.

Kujitoa kulichukua maisha ya mtu mzima. 1871 walituma ujumbe mkubwa wa Iwakura Tomomi kuzunguka Marekani na Ulaya, nusu yake ilikuwa kuomba mikataba irekebishwe, wakarudi 1873 mikono mitupu. Wakaandika upya sheria zao zote, mpaka 1899 ndo mahakama za makonsuli zikafutwa, na 1911 ndo wakapata uhuru kamili wa kupanga ushuru wao. Toka 1858 ni miaka 53.

Na kuna sehemu inaniuma kuiandika lakini siwezi kuiacha. Mwaka 1875, wao wenyewe bado wamefungwa na kamba ileile, Japani ilipeleka manowari Un'yo kwenye pwani ya Korea, wakarushiana risasi, na Februari 1876 Korea ikasainishwa mkataba wa Ganghwa. Bandari zifunguliwe, Mjapani akikosea Korea ahukumiwe na Mjapani, na kanuni za biashara zilizofuata mwaka huohuo ziliacha mali ya Japani iingie bila ushuru wowote. Hata ile 5 hawakuwapa. Walijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kila kifungu kinauma wapi.

Yule mzee gari lake lilitoka. Siku anakuja kuchukua funguo nikamweka chini nikamsimulia yote, soda mbili ziliisha, nikadhani atashangaa habari ya Susquehanna kupita Unguja au habari ya dhahabu. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na wale wavuvi wa kijiji, walipelekwa wapi?" Mzee mwenyewe aliwahi kuhamishwa, eneo lao lilichukuliwa kupisha mambo ya bandari, nilikuja kujua baadaye. Siku ile sikuwa na jibu tena, mara ya pili kwa mtu yuleyule. Nikamwambia shikamoo mzee nitakutafutia.

Nimelipata. Mwaka 1860 wenyeji wa Yokohama waliondolewa kupisha makazi ya wageni, wakahamishiwa ng'ambo ya mfereji, chini ya kilima. Pakaitwa Motomura, kijiji cha asili. Siku hizi panaitwa Motomachi, ni mtaa wa maduka.